Bibi wa Uani, Sehemu ya Pili

Tarehe 2 Aprili

Kitinda,

Salamu zimeniishia, kwa hiyo naanza na shida. Usinipigie simu tena. Siku ulipopiga kunipa habari ya mama ulikuwa unatafuna. Nilisikia kabisa: ukatafuna, ukameza, ndipo ukasema "ametutoka." Tangu siku hiyo sauti yako ikiingia sikioni mwangu nasikia meno yako tu. Ukiwa na neno, liandike.

Sikuja kuzika, na najua mnavyonisema huko, wewe ukiwa mbele. Msimamizi alininyima ruhusa. Hapa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali mashuka hayajui msiba. Yanaingia na damu yanatoka yamenyooka, na mpiga pasi akitoka kidogo anakuta mtu mwingine kasimama mahali pake. Nililia huku napiga pasi. Mvuke una faida yake, hakuna anayekuuliza macho yana nini.

Nataka kitu kimoja tu. Kabla mama hajapasuliwa koo, daktari alituambia wazi kwamba sauti haitarudi. Nikakutumia maikrofoni, ile uliyosema ndiyo yenyewe, ukamkalisha mama kwenye kiti chake cha cherehani, akarekodi maneno ya kila mtu: yangu na yako. Akakataza tusisikilize mpaka tumemzika. Unajua mimi na yeye tulivyoachana. Niliondoka tumegombana mlangoni, nikamuomba radhi, akaniambia, "Nenda tu, Mdomo. Hilo nitalifikiria." Alipomaliza kurekodi akanipigia, sauti imeshakwaruza, akasema, "Jibu lako nimeliweka humo."

Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kumsikia. Baada ya hapo nilikuwa nikipiga simu nauliza, naye ananigongea kwa kastabini yake ya kushonea, mara moja ndiyo, mara mbili siyo. Umekula? Ko. Unaumwa? Ko. Halafu kimya, ushaanza kuingiwa na hofu, ndipo la pili linakuja. Alikuwa akilichelewesha lile la pili makusudi, kikongwe yule, ili akutese kidogo. La radhi sikuthubutu kuuliza. Nilijua limehifadhiwa.

Nitumie maneno yangu, Kitinda, kama alivyoyasema. Vingine vyote kaa navyo: nyumba, cherehani, na hao wenzako wa studio.

Dada yako


Tarehe 9 Aprili

Dada yangu, Mdomo wa ukoo,

Haya, nimeandika, na vidole vinaniuma. Ile siku nilikuwa natafuna dawa ya kikohozi. Lakini wewe ukishasikia lako umesikia, hata malaika akitoa ushahidi.

Maneno yapo, ondoa shaka. Tatizo ni hii programu ninayotengenezea muziki. Kuipata ni bure, kurekodi bure, kuchezacheza humo ndani bure. Kuingia hakuna kiingilio, kutoka ndiko kuna bawabu. Ukitaka kuitoa sauti uliyorekodi mwenyewe, kwenye mashine yako mwenyewe, ya mama yako mwenyewe, kinachomoza kidirisha kinatabasamu: nunua ufunguo. Ukigusa mwangwi, nunua. Ukigusa ngoma, nunua. Ni programu yenye duka tumboni, na mwenye duka hana aibu.

Basi niwekee hela ya ufunguo kwenye akaunti yangu, wewe una kadi ya benki, mimi nina kipaji tu. Namalizia wimbo ambao ukitoka utaacha kunyoosha mashuka ya watu. Wachekaji wote wa mtaa huu watapanga foleni wanisalimie.

Mama mdogo anakusalimu kutoka nyumba ya pili. Mwulize kama ndiye aliyechukua kastabini ya mama, maana siioni, na huyu mwanamke tangu msiba haniangalii usoni.

Mdogo wako


Tarehe 12 Aprili

Kitinda,

Nimeweka hela. Nadhani mimi ni mtoto wa kwanza kumkomboa mama yake kwa kadi ya benki.

Mama alikulea kwa kukuchekea. Mimi nilikuwa nachota maji, wewe unapiga sufuria kwa mwiko na wageni wanaambiwa, "Mwacheni, huyu ni msanii." Sasa msanii amepata ufunguo wake. Fungua, toa, tuma. Usinipambie, usiweke mwangwi, usiweke kinanda nyuma. Nataka mama peke yake.

Dada yako


Tarehe 20 Aprili

Dada,

Imetoka. Ipo pamoja na barua hii. Tafuta mahali pa kukaa, vaa hedifoni, sikiliza taratibu.

Mimi nimesikia mwanzo tu, kuhakikisha inafanya kazi, nikafunga macho. Alikupenda, dada. Sasa na wewe punguza ukali, tumebaki wawili.

Mdogo wako


Tarehe 24 Aprili

Wewe,

Nianze na furaha yangu, ili ujue ulichokifanya. Nilisikilizia stoo, nimekaa juu ya magunia ya mashuka machafu. "Mwanangu. Nimekusamehe. Radhi yangu unayo. Kaa vizuri na mdogo wako." Nililia mpaka mwenzangu wa mashine ya pili akaja kuniinua. Nikamkumbatia, mtu ambaye hatujawahi hata kugawana chai. Jioni nilirudi chumbani nikiwa mwepesi, nikakuandikia barua ndefu ya kukuomba msamaha, nikawa nimebakiza kuituma tu. Nikasema ngoja nimsikie mama mara moja tena.

Safari hii nikasikiliza kwa masikio. Kwenye "nimekusamehe" mvua inanyesha juu ya bati. Kwenye "radhi" hakuna mvua. Kwenye "unayo" mvua imerudi. Ni mvua gani hiyo inayosubiri mtu atamke neno?

Halafu nikajiuliza, tangu lini mama akanisemesha sentensi nne bila kunitukana hata moja? Na "mwanangu" ni nani? Mimi nilikuwa Mdomo tangu nilipoota meno. "Mwanangu" aliwaita watoto wa wateja, alipotaka wasimame wima awapime suruali.

Umemkata mama ukamshona upya, Kitinda. Umemtia maneno mdomoni maiti.

Tena nilikuwa nimenyamaza jambo, sasa sinyamazi. Mama mdogo aliniandikia baada ya mazishi. Siku ya kufa kwake mama aligonga ukuta. Aligonga kwa kastabini, mama mdogo akasikia kutoka nyumba ya pili, akadhani anakuita umletee chai. Aligonga tena, akagonga tena, mpaka mama mdogo akaacha moto wake akaja mbio, akamkuta ameshakwenda. Na wewe upande wa pili wa ukuta huohuo umeziba masikio, unatikisa kichwa. Mama alikufa anakubishia hodi.

Niambie sauti yangu iko wapi. Na mara hii useme kweli, kama unaijua inavyofanana.

Dada yako


Tarehe 3 Mei

Dada,

Sina sauti yako. Sina sauti yoyote.

Mwezi mmoja kabla mama hajafa nilikuwa nimekwama kwenye wimbo wangu. Kuna ngoma moja humo dukani, nzito, ukiipiga kifua kinaitikia, nami sikuwa na hela ya kuinunua. Kidirisha kikaniambia: changia sauti, upate ngoma. Nikatafuta faili kubwa kuliko zote nilizokuwa nazo. Ilikuwa ya mama. Nilidhani wanachukua nakala, wananiachia yangu. Maelezo yalikuwa marefu, na nani anasoma yale maneno? Unateremsha mpaka chini, unakubali. Nikakubali, nikapewa ngoma.

Kumbe wanahamisha. Kwenye mashine yangu ikabaki nafasi tupu yenye jina lake. Programu imemkata kila alipovuta pumzi, na unajua koo lake lilivyokuwa, alikuwa akivuta pumzi kila baada ya neno. Wamemtia dukani, wamempa jina Bibi wa Uani. Kuna picha ya kikongwe wa kuchora anacheka, hafanani naye hata kidogo. Ukimnunua anakaa kwenye vitufe kama kinanda: kitufe hiki "nenda," kitufe hiki "njoo," kingine kikohozi. Sehemu ya kwanza ni maneno mojamoja. Sehemu ya pili ni sentensi zilizotoka nzima, vicheko, na manung'uniko, na bei yake haishikiki.

Hela yako ya ufunguo ilikuta mlango hauna nyumba nyuma yake. Nikainunulia sehemu ya kwanza. Nikakushonea ulichotaka kusikia. Unaweza kunitukana, lakini siku moja nzima ulifurahi, na furaha hiyo nilikupa mimi.

Wiki iliyopita nilikuwa kwa kinyozi, redio inatangaza dawa ya panya. Sauti ya mama ikasema, "Wamekwisha!" halafu ikacheka. Kinyozi akacheka. Na mimi nilicheka, dada, kwa sababu ilichekesha. Ndipo nikamjua. Nikatoka na kichwa nusu kimenyolewa.

Na lile la ukuta. Nilisikia. Sikuwahi kumwambia mtu. Nilikuwa nasikiliza ile ngoma mpya, na ndani yake kwa mbali kulikuwa na pigo lisilo mahali pake, linachelewa kidogo kila mara. Nikadhani mdundo wangu umekosewa. Nikakaa kuurekebisha. Nilipoona haurekebiki nikaongeza sauti.

Maneno aliyoniachia mimi sijawahi kuyasikia. Labda yamo kwenye hiyo sehemu ya pili, labda yamekatwa kama yako. Sina hela ya kuyanunua, na hata ningekuwa nayo sina uso wa kuyasikiliza. Maisha yangu yote aliniambia muziki wangu ni kelele. Nataka kujua kama ndilo neno lake la mwisho. Nataka, na naogopa.

Kitinda


Tarehe 19 Mei

Shikamoo, Mama mdogo,

Kastabini imefika salama, ndani ya soksi kama ulivyoificha. Naivaa hata kazini, kwenye kidole cha kati, wenzangu wanadhani nimeumia. Ahsante kwa kunichukulia kabla yule hajaiuza nayo.

Nimemnunua dada yako. Nimeuza kitanda, nimeuza kila kinachouzika, nimekopa kwa msimamizi ambaye sasa ananiona mali yake. Sehemu ya kwanza niliinunua kama wanavyonunua wengine. Sehemu ya pili ina bei nyingine, ya kuichukua peke yako, na ukishailipa inaondolewa dukani na hakuna mwingine atakayeipata. Nikailipa hiyo. Angalau vicheko vyake havitauza tena dawa ya panya.

Yangu imekatikakatika, Mama mdogo. Nimekaa navyo vipande hivyo kila nikitoka zamu. "Mdomo" nimelipata. "Ulinitia" nimelipata, sijui alisema nilimtia nini, aibu au moyo. "Radhi yangu" ipo. Halafu kuna kitufe kinasema "unayo," na kitufe kingine kinasema "huna." Vyote ni yeye. Kwenye "radhi yangu" hakuna mvua, na kwenye hivi viwili vyote mvua inanyesha, kwa hiyo hata hiyo hainisaidii. Moja ni jibu langu na lingine alikuwa akisema kuhusu jambo jingine, pengine uzi, pengine kodi. Nagusa hiki, nagusa kile. Asubuhi nina radhi, jioni sina.

Ya Kitinda imetoka nzima. Ndiyo aliyoirekodi kwanza, koo lilikuwa bado na nguvu, akaisema kwa pumzi moja kama mtu anayetapika kitu alichokikalia. Nakuandikia neno kwa neno, kwa sababu siwezi kulibeba peke yangu:

"Kitinda, nilikuwa nasimamisha cherehani nikusikilize. Nilikuita mpiga kelele usije ukavimba kichwa. Radhi yangu unayo, yote, na ukila funga mdomo."

Nilicheka, halafu nikaitupa simu ukutani. Yeye aliyeongeza sauti mama akifa, yeye aliyembadilisha kwa ngoma, ndiye aliyebaki na radhi nzima. Mimi niliyelipia maikrofoni nina "unayo" na "huna."

Usimwambie. Najua moyo wako ni laini kwa yule mtoto. Ukimwambia, usinihesabu tena kuwa mtoto wa dada yako.

Mdomo


Tarehe 20 Mei

Kitinda,

Nimeyapata maneno yako. Hayajakatwa popote. Ni mama kabisa, huwezi kumkosea.

Usihangaike kwenda dukani, hayapo tena. Nimeyanunua peke yangu. Alichokwambia wewe mama yako sasa ni mali yangu mimi, kihalali, nilikubali mpaka chini. Tena mimi nilisoma.

Sitakutumia. Vyangu ulivikata wewe, chako nakikalia mimi.

Dada yako


Tarehe 25 Mei

Dada yangu,

Leo sina utani. Nimeuza ile mashine na nimefuta ile programu. Wimbo nao umekwenda, acha uende, ulikuwa na ngoma hiyo ndani yake.

Nalala kwenye chumba cha mama, upande wake wa ukuta. Nimeacha simu ikirekodi kule chumbani kwangu, nikagonga nione mlio unafikaje. Unafika, dada. Unafika vizuri sana.

Nimemuuliza mama mdogo kama anajua kitu, akainama kwenye sufuria yake akasema moshi unamuumiza macho. Sufuria yenyewe ilikuwa chini, na jiko halijawashwa. Kwa hiyo anajua. Nyote mnajua ila mimi.

Sikuombi sauti. Usinitumie hata pumzi yake. Nataka kujua jambo moja, nilibebe au nilitue. Jumapili mchana nitakupigia. Najua hutaki kunisikia, nitauliza kwa maneno machache halafu nitanyamaza. Wewe usiseme kitu. Gonga tu, kama alivyokuwa akigonga yeye. Mara moja ndiyo, mara mbili siyo. Chochote utakachogonga nitakiamini, maana mimi ndiye niliyesema uongo katika nyumba hii, wewe hujawahi. Ulimi wako ni mkali, lakini haujawahi kunidanganya.

Nakuomba, dada. Kama ungekuwa karibu ningekushika miguu.

Kitinda wako


Tarehe 1 Juni

Dada,

Ahsante kwa kupokea. Naandika ili ujue kwamba nimesikia, na kwamba sitakusumbua tena.

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake cha cherehani. Nilipofunga mlango, mama mdogo alikuwa amesimama uani, ananitazama dirishani, kashika kanga mdomoni. Ulipopokea nilisikia mashine zenu kwa mbali na mvuke, nikajua uko kazini, nikajua umetoka pembeni kwa ajili yangu. Hilo peke yake lilinitia moyo. Nikauliza kama nilivyokuandikia: "Mama aliniachia radhi?"

Ukagonga. Ilikuwa kastabini yake. Ningeijua katikati ya soko, mlio ule ule, mkavu. Sikujua kama unayo, na sikujali umeipataje. Nilidhani ni yeye. Ko.

Nikasubiri, kwa sababu alikuwa na mchezo wake. Nikasubiri tena. Mashine zako zikazunguka, ukawa hugongi, nikasema sasa yamekwisha, hii ndiyo. Nikapiga magoti pale kwenye vipande vya vitambaa. Nilicheka na kulia pamoja, nikapiga kelele kama mwehu, "Ahsante, mama, ahsante, mama," mpaka mama mdogo naye kule uani akainua mikono juu. Nilianza kukushukuru na wewe. Nilikuwa nimefika kwenye jina lako.

Ndipo ukagonga la pili.

Kitinda